Kiwanja cha Siku Kumi na Mbili: Uhakiki wa Hoja za Kukarabati Viwanja vya Raga Sydney

Kaka yangu anaishi magharibi mwa jiji la Sydney, Australia, na binti yake wa miaka 13 anacheza raga. Si ile ya wachezaji 15 tunayoifahamu hapa Kampala kutoka Kyadondo. Ni ile ya wachezaji 13, ambayo wenyeji wa Sydney huiita ligi. Jumamosi za msimu wa baridi wa huko, saa tisa alasiri kwao na saa mbili asubuhi kwetu, kaka hunipigia simu ya video akiwa pembeni mwa kiwanja, nami hutazama wasichana wakikabana huku chai yangu ikipoa. Siku moja nilimwona mtoto akishuka garini akiwa tayari amevaa jezi na viatu vya kuchezea. Nikadhani wamechelewa. Kaka akasema hawakuchelewa. Kiwanja kile kina vyumba viwili vya kubadilishia nguo, vyote vilijengwa zamani kwa ajili ya wanaume. Bafu ni la wazi, halina mlango wala pazia, na choo ni ukuta wa kukojolea. Wasichana hubadilisha nguo garini.

Mhadhiri wetu alikuwa ametutaka tuchague mjadala wowote wa umma, tuuhakiki kama tunavyohakiki matini: nani anasema, anasema nini, na ananyamazia nini. Wenzangu wengi walichagua siasa. Mimi nilichagua mjadala wa Sydney kuhusu viwanja vya zamani vya vitongojini, kwa sababu ya gari lile.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, historia yake kwa ufupi ni hii. Mwaka 1895, katika mji wa Huddersfield, vilabu vya kaskazini mwa Uingereza vilijitenga na chama cha raga. Wachezaji wao walikuwa wachimba migodi na wafanyakazi wa viwandani, na vilabu vilitaka kuwafidia mshahara wanaoupoteza kwa kuacha kazi ili wacheze. Chama kikakataa. Mchezo ulioasi ulifika Sydney mwaka 1908, ligi ikaanza na vilabu tisa, vingi vikiwa na majina ya vitongoji: Balmain, Newtown, Glebe, South Sydney. Hivi vilikuwa vitongoji vya watu wa bandari na karakana. Kiwanja kilikuwa mahali pa kufikia kwa miguu au kwa tramu, na klabu ilikuwa ya mtaa kabla ya kuwa ya mtu yeyote. Mchezo uliozaliwa kwa ajili ya mshahara wa Jumamosi haukutarajiwa kuja kugombania viti vya mamilioni, lakini ndipo ulipofika.

Leo vilabu tisa vya ligi kuu, NRL, vina makao katika Sydney, mji mmoja tu. Viwanja vyao vya asili, kama Leichhardt Oval, Brookvale, Kogarah na Belmore, vingi ni mali ya halmashauri za mitaa na vimezeeka. Juu yake kuna viwanja vikubwa vya serikali ya jimbo la New South Wales. Stadium Australia kule Homebush ulifunguliwa mwaka 1999 kwa ajili ya Olimpiki ya 2000, na sasa unabeba watu wapatao 83,000. Swali la mjadala ni hili: fedha za umma ziende wapi?

Katika matini nilizosoma kuna sauti mbili kubwa, nami nitaanza na ile inayopenda viwanja vikubwa. Hoja yake ni kwamba ni upuuzi kwa mji mmoja kutunza vibanda kumi vinavyobomoka. Afadhali jimbo lijenge viwanja vichache vya kisasa, vilabu vigawane. Mwishoni mwa mwaka 2017 serikali ya jimbo ilitangaza kuvunja na kujenga upya viwanja viwili vikubwa kwa zaidi ya dola bilioni mbili za Australia. Wananchi walikasirika, na jambo hilo likawa hoja kubwa ya uchaguzi wa jimbo wa Machi 2019. Mpango wa Homebush ulipunguzwa, kisha ukafutwa kabisa mwaka 2020 wakati wa korona. Sydney Football Stadium wao ulivunjwa, ukajengwa upya, ukafunguliwa Agosti 2022 ukiwa na viti 42,500, kwa dola milioni 828.

Sauti hii hupenda hesabu, nami nilivutwa nayo. Nilichukua kalamu. Milioni 828 ukizigawa kwa viti 42,500 unapata zaidi ya dola 19,000 kwa kiti kimoja. Uwanja mpya wa Parramatta, uliofunguliwa 2019 ukiwa na viti 30,000 kwa takriban milioni 360, unatoa dola 12,000 kwa kiti. Leichhardt Oval hubeba watu wapatao 20,000, na mwaka 2024 uliahidiwa milioni 40: ishirini kutoka serikali ya shirikisho, kumi kutoka jimbo na kumi kutoka halmashauri ya Inner West. Hizo ni dola 2,000 kwa mtazamaji. Nilifurahi sana. Nilidhani nimemaliza kazi ya uhakiki kwa mstari mmoja: kiwanja cha mtaani ni rahisi mara tisa au kumi.

Kisha nikakumbuka kwamba watu wengi wa Leichhardt hawakai kwenye viti. Wanakaa kwenye kilima cha nyasi. Nilikuwa nimegawanya fedha kwa viti ambavyo havipo. Kosa hilo lilinionyesha tatizo la lugha yenyewe ya mjadala. Kiti ni kipimo cha mtazamaji wa siku ya mechi kubwa, na anayekubali kubishana kwa kipimo hicho amekwisha kubali kwamba uwanja ni wa siku hizo tu.

Siku hizo ni ngapi? Klabu ya NRL hucheza takriban mechi 12 za nyumbani kwa msimu mmoja. Wests Tigers, timu iliyotokana na kuunganishwa kwa Balmain na Western Suburbs, hugawa hata hizo chache kati ya Leichhardt na Campbelltown, na pengine hupeleka nyingine kwenye uwanja mkubwa. Kwa hiyo, siku ambazo timu ya televisheni inaingia Leichhardt zinahesabika kwa vidole. Siku zilizobaki, zaidi ya mia tatu, ni za shule, za timu za watoto, za wanawake, za mzee anayezunguka uwanja kwa miguu asubuhi. Na mjadala wote wa mamilioni ni kuhusu zile zinazohesabika kwa vidole.

Sauti ya pili ni ya wapenzi wa kiwanja cha zamani, nami nakiri kwamba moyo wangu uko kwao, ndiyo maana nataka kuwahakiki kwa ukali zaidi. Wao husema kiwanja kina roho. Jumapili alasiri, familia juu ya kilima, jua likizama nyuma ya jukwaa, filimbi ya mwisho ikilia na watoto wakimwagika uwanjani kucheza mahali mashujaa wao walipokuwa wakicheza. Nimeona picha za video na zinapendeza kweli. Homebush wakija watu 15,000 katika uwanja wa 83,000, inakuwa kama harusi ambayo wageni wamekosa. Leichhardt idadi hiyohiyo inafanya umati.

Lakini roho hiyo huimbwa na nani? Mara nyingi na mwanamume aliyekwenda pale na baba yake. Yeye alipata nafasi juu ya kilima na nafasi chumbani. Anaposema kiwanja kisiguswe, anasahau kwamba kuna watu ambao kiwanja hakijawahi kuwapokea. Ligi ya wanawake, NRLW, ilianza mwaka 2018 na timu nne tu. Mwaka 2023 zilikuwa kumi, na mwaka 2025 zikawa kumi na mbili. Nyuma ya timu hizo kuna maelfu ya wasichana kama binti wa kaka yangu, na majengo waliyorithi yalichorwa na watu ambao hawakuwahi kufikiri kwamba msichana atavaa jezi. Mapenzi ya kilima hayagharimu kitu, kwa sababu nyasi zipo tayari. Kinachogharimu ni vyoo, mabomba, taa, mifereji ya kutoa maji na milango, na hivyo havina wimbo.

Tena uchakavu si pambo. Julai 2022, katika Leichhardt Oval, kizuizi cha jukwaa kilikatika wakati wa mechi ya raga ya shule, watazamaji wakaanguka. Siku ile haikuwa ya NRL. Ilikuwa moja ya zile zaidi ya mia tatu.

Mwezi mmoja baadaye kukatokea ugomvi ambao, kwangu, ndiyo matini bora ya mjadala huu wote. Waziri mkuu wa jimbo wakati huo, Dominic Perrottet, alirudi nyuma kuhusu kutoa fedha kwa viwanja vya vitongojini, akisema mafuriko yameacha watu wengi na shida na hao ndio wa kwanza. Peter V'landys, mwenyekiti wa tume inayoendesha mchezo, alikasirika na kutishia kuihamisha fainali kuu kutoka Sydney kwenda Queensland. Fainali haikuhama. Tarehe 2 Oktoba 2022 Penrith waliwafunga Parramatta 28 kwa 12 palepale Homebush.

Hebu tuusome ugomvi huo kama wanafunzi wa fasihi. Upande mmoja unaweka mhanga wa mafuriko mbele ya kiwanja, na nani atabishana na mhanga wa mafuriko? Upande wa pili unajibu kwa tishio la fainali, yaani kwa mechi moja ya siku moja katika uwanja mkubwa. Viwanja vya mitaani vilitajwa kila saa, lakini havikuwa wahusika katika hadithi ile. Vilikuwa mahari. Kama V'landys angetaka kweli kukitetea kiwanja cha mtaani mbele ya mafuriko, angesema kwamba kiwanja cha mtaani ni mali ya mtaa pia katika siku za shida: kuna uwazi, kuna paa, kuna maegesho, kuna vyoo ikiwa vyoo vinafanya kazi. Hakuhitaji fainali. Lakini hoja hiyo ingemlazimisha azungumzie vyoo.

Sitaki kujifanya kwamba timu kubwa haina maana kwa kiwanja. Mifano miwili inanisumbua. Wa kwanza ni wa North Sydney Bears, klabu ya tangu 1908. Katika miaka ya 1990 klabu ilipanga kuhama kutoka North Sydney Oval kwenda uwanja mpya wa Gosford, kaskazini mwa Sydney. Ujenzi ukachelewa, fedha zikaisha, na baada ya msimu wa 1999 klabu ikalazimika kuungana na mahasimu wao wa Manly. Muungano ule ulikufa haraka, Manly wakabaki wenyewe, na Bears wakabaki katika ligi ya chini. Sasa jina lao linatarajiwa kurudi ligi kuu mwaka 2027 likiwa na makao Perth, upande wa pili wa bara. Klabu ilipotea ikisubiri uwanja.

Mfano wa pili unakwenda kinyume. South Sydney walicheza Redfern Oval hadi mwaka 1987, kisha wakahamia viwanja vikubwa, na leo makao yao ni Homebush. Redfern hakikufa. Jiji lilikikarabati kikawa kiwanja cha mtaa na cha mazoezi, katika kitongoji chenye historia nzito ya Waaborijini. Mashabiki wazee wanalalamika kwamba Souths hawachezi tena nyumbani, na wana haki kulalamika. Lakini ukiuliza kama kiwanja kinaishi, jibu ni ndiyo, tena pengine kwa sababu ukarabati wake haukupimwa kwa mechi 12. Nimejaribu kuipatanisha mifano hii miwili na sijafaulu vizuri. Ninachoweza kusema ni kwamba uhai wa klabu na uhai wa kiwanja ni vitu viwili, na mjadala unaviita kwa jina moja.

Penrith ndio wanaonipa mashaka zaidi. Walichukua ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia 2021 hadi 2024, na jimbo likakubali kuwajengea uwanja kwa zaidi ya milioni 300. Mwaka 2025 walilazimika kucheza nyumbani kwa watu, Parramatta, huku kwao kukijengwa. Sina chuki na Penrith. Ni kitongoji cha mbali, cha watu wa kawaida, na wanastahili kitu kizuri. Lakini fedha hizo ukizilinganisha na milioni 40 za Leichhardt unaona jinsi ushindi unavyogeuka kuwa kigezo cha ujenzi. Uwanja unajengwa kama zawadi. Timu ya wasichana wa miaka 13 haina kombe la kuonyesha mbele ya waziri.

Kule Uingereza, ulikozaliwa mchezo, wamejaribu kuweka kigezo wazi. Tangu msimu wa 2025 vilabu vya Super League huchaguliwa kwa kupewa alama kati ya 20. Uwanja una alama 3, na jamii ina alama 2.5. Nimeipenda nia ya kuandika kipimo mezani, kila mtu akione. Lakini tazama kilichofanyika: uwanja ni fungu moja, jamii ni fungu jingine, kana kwamba jamii hukutana mahali pengine.

Nani alipe? Hapa majibu ni mafupi. Halmashauri ndiyo yenye ardhi lakini haina fedha za kutosha. NRL ina fedha za televisheni lakini haina ardhi. Cronulla, klabu ya Sydney inayomiliki uwanja wake yenyewe, ilitumia ardhi iliyozunguka kujenga nyumba za kuuza na maduka. Sisi wa Kampala tumeuona mtindo unaofanana na huo Nakivubo, uwanja uliozungukwa na maduka hadi mgeni anauliza uwanja uko wapi. Sisemi ni vibaya. Nasema kwamba atakayelipa ndiye atakayeamua ni mlango gani unafunguliwa siku ya Jumanne.

Nilipowasilisha rasimu ya tahakiki hii darasani, mwenzangu mmoja kutoka Gulu aliinua mkono. Akasema: "Dada, watu wenye milioni 40 za kutengeneza vyoo wanalilia nini? Sisi tungechukua hizo tukajenga wilaya nzima." Darasa likacheka, nami nikacheka. Lakini baadaye nilimjibu, na jibu langu bado ni lile. Hoja husafiri kuliko fedha. Nchi yetu inajiandaa kwa fainali za Afrika za 2027 pamoja na Kenya na Tanzania, na kila habari ya viwanja inayotufikia inaanza na idadi ya viti. Hatujawa na mamilioni ya Sydney, lakini lugha yao tayari tunaizungumza.

Kwa hiyo, kama ningepewa nafasi ya kuhakiki mchoro wowote wa ukarabati, wa Leichhardt au wa Brookvale au wa kiwanja kisicho na jina, ningeacha ukurasa wa jukwaa na kufungua ukurasa wa chini ya jukwaa. Vyumba vya kubadilishia nguo ni vingapi, ili timu mbili za wasichana na mbili za wavulana zifuatane bila kusubiriana? Maji ya mvua yanakwenda wapi, maana kiwanja kinachogeuka tope hufungwa wiki nzima na wanaofungiwa ni watoto, si NRL? Taa zitawashwa jioni za mazoezi au siku za televisheni tu? Haya ni maswali madogo, na kwa fedha zinazotajwa katika mjadala huu ni ya bei nafuu. Katika taarifa za magazeti nilizosoma sikuyakuta hata mara moja kwenye aya ya kwanza.

Wiki iliyopita kaka alinitumia picha. Halmashauri ya kwao imebandika tangazo kwenye uzio wa kile kiwanja cha mabafu ya wazi: kitakarabatiwa, na wananchi wanaalikwa kutoa maoni. Mchoro unaonyesha ubao mpya wa matokeo, safu za viti vya plastiki vyekundu, na miti michanga. Niliukuza kwa vidole kwenye simu nikitafuta vyumba. Vimefunikwa na maandishi ya tangazo.

Mkutano wa maoni ni Jumanne ijayo, saa kumi na mbili na nusu jioni. Kaka hapendi kusema mbele ya watu, kwa hiyo aliniomba nimwandikie swali la kusoma. Binti yake alikuwa karibu na simu, akasema, "Shangazi, andika na vitasa." Nimeandika: vyumba vya wasichana vitakuwa vingapi, vitakuwa na milango na vitasa, na ufunguo atakaa nao nani Jumamosi asubuhi?